Kusimika CRM kwenye seva yako na kuitunza mpaka watu wa mauzo waiamini

Kila mtu wa mauzo ana daftari. Linaweza kuwa la karatasi, linaweza kuwa jedwali la Excel, linaweza kuwa orodha ya namba kwenye simu yake. Humo mna jina la mteja, alichoulizia, bei aliyoahidiwa na siku ya kumpigia tena. Unaposimika CRM, yaani mfumo wa kusimamia uhusiano na wateja, unamwomba mtu huyo aliweke daftari lake kando na akuamini wewe. Siku atakapokuta kikumbusho hakikuja, au mteja mmoja ametokea mara tatu, au ukurasa mweupe usio na neno, atalirudia daftari lake, na kumtoa huko mara ya pili ni kazi kubwa mno.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kusimika na kutunza mifumo hii. Kusakinisha ni shughuli ya alasiri moja. Mifumo niliyoiona ikitelekezwa ilikuwa imesakinishwa vizuri tu. Iliangushwa na mambo madogo ya baadaye ambayo hakuna aliyeyaangalia, na ndiyo maana sehemu ndefu za mwongozo huu ziko huko.

Nitatumia EspoCRM kama mfano. Ni programu huria, ni nyepesi, na inakaa bila shida kwenye seva ya kawaida ya Linux yenye PHP, lugha ambayo programu hii imeandikiwa, na MariaDB, programu ya kutunza kanzidata. Ukipendelea SuiteCRM, iliyochipuka mwaka 2013 kutoka kwenye msimbo wa SugarCRM, majina ya folda yatabadilika, lakini karibu kila onyo lililomo humu litakuhusu vilevile.

Seva na programu zake

Anza na Debian au Ubuntu LTS (aina za Linux; LTS ni toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) iliyo safi, isiyobeba tovuti nyingine. Kwa timu ya watu ishirini hivi mimi huanza na RAM ya GB 4, na diski naiacha iwe na nafasi ya kupanuka, kwa sababu barua pepe na viambatisho hujaa haraka kuliko mtu anavyodhani. Kabla ya amri yoyote, soma ukurasa wa mahitaji wa toleo unalosakinisha na ulinganishe na toleo la PHP lililomo kwenye mfumo wako. PHP kuukuu mno itakataliwa, na mpya mno inaweza kukataliwa pia. Kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php \
  php-mysql php-gd php-zip php-mbstring php-curl php-xml php-bcmath unzip
sudo a2enmod rewrite
```

Tengeneza kanzidata na mtumiaji wake. Usiupe mfumo akaunti ya root ya MariaDB, yaani akaunti kuu yenye mamlaka yote, hata kwa majaribio. Majaribio yana tabia ya kugeuka kuwa kazi yenyewe.

```
CREATE DATABASE wateja CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;
CREATE USER 'mfumo'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu-hapa';
GRANT ALL PRIVILEGES ON wateja.* TO 'mfumo'@'localhost';
```

Hiyo `utf8mb4` iandike wazi. Ile `utf8` ya zamani hubeba baiti 3 tu kwa herufi, na emoji inahitaji 4. Barua pepe za wateja zina emoji, na hutaki kujua habari hiyo kupitia ujumbe uliokataa kuhifadhiwa.

Kwenye `php.ini` weka `memory_limit` 256M, `max_execution_time` 180, na `post_max_size` pamoja na `upload_max_filesize` 50M. Kumbuka kwamba kuna faili mbili za jina hilo, moja ya Apache, programu inayofikisha kurasa kwenye vivinjari, na nyingine ya kuendeshea PHP kwenye mstari wa amri. Watu wengi huhariri moja, wakaona hakuna kilichobadilika, wakaanza kuhangaika na mambo mengine.

Pakua faili ya zip kutoka tovuti rasmi ya EspoCRM, ifungue, iweke `/var/www/espocrm`, kisha uikabidhi folda nzima kwa mtumiaji wa Apache:

```
sudo chown -R www-data:www-data /var/www/espocrm
```

Halafu mwambie Apache aangalie wapi:

```
<VirtualHost *:80>
    ServerName crm.example.com
    DocumentRoot /var/www/espocrm/public/
    Alias /client/ /var/www/espocrm/client/
    <Directory /var/www/espocrm/public/>
        AllowOverride All
    </Directory>
</VirtualHost>
```

Tazama mstari wa `DocumentRoot`. Unaishia kwenye `public`, hauishii kwenye folda kuu. Ndani ya folda kuu mna `data`, na ndani ya `data` mna nenosiri la kanzidata pamoja na viambatisho vyote vya wateja. Mlango wa wageni uwe `public` peke yake. Washa tovuti kwa `a2ensite`, pakia upya Apache, kisha weka cheti cha usimbaji (HTTPS) kwa `certbot --apache` kabla hujaandika nenosiri lolote kwenye kivinjari. Ngome ya seva iruhusu poti 80, 443 na ile ya SSH. Poti 3306 ya kanzidata haina kazi nje ya seva.

Sasa fungua anwani yako. Ukurasa wa usakinishaji utakagua PHP, utaomba jina la kanzidata, mtumiaji na nenosiri, kisha utakutaka uunde akaunti ya msimamizi. Jibu, bofya, umemaliza sehemu inayoonekana. Akaunti hiyo ya msimamizi iwashie uthibitisho wa hatua mbili siku hiyohiyo, na ujifungulie akaunti nyingine ya kawaida ya kazi za kila siku.

Kroni, moyo usioonekana

EspoCRM haifanyi kazi zake za nyuma ya pazia yenyewe. Inategemea kroni, chombo cha Linux kinachoamsha amri kwa saa, iigutushe kila dakika. Bila hiyo, mfumo utafunguka vizuri, watu wataingiza wateja, kila kitu kitaonekana kizima, lakini barua pepe hazitavutwa, barua za pamoja hazitatoka, na vikumbusho vya kwenye barua pepe havitafika. Ni ugonjwa usio na homa.

Mara ya kwanza nilipoiweka, niliiweka chini ya root. Vikumbusho vikaanza kuja, nikaridhika, nikaenda zangu. Siku chache baadaye simu zikaanza: hitilafu ya 500, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nilipoandika `ls -l data/logs` nikaona faili ya siku hiyo ina mmiliki `root root`, wakati faili za juma lililopita zote zilikuwa za `www-data`. Kroni ilikuwa imetangulia kuunda faili za usiku ule kwa jina la root, na Apache ilipotaka kuandika humo asubuhi ikakuta mlango umefungwa. Kwenye `data/cache` hali ilikuwa ileile. Nilirudisha umiliki kwa `chown`, nikaifuta ile kroni ya root, na tangu siku hiyo naiandika hivi tu:

```
sudo crontab -u www-data -e

* * * * * cd /var/www/espocrm; /usr/bin/php -f cron.php > /dev/null 2>&1
```

Kanuni hiyo inahusu kila amri ya EspoCRM unayoiendesha kwa mkono. Tanguliza `sudo -u www-data`, iwe ni `php rebuild.php` baada ya kubadilisha sehemu za kujaza, iwe ni `php clear_cache.php` pale kitu kinapogoma. Baada ya dakika chache ingia kwenye ukurasa wa msimamizi, fungua orodha ya kazi zilizopangwa, uone kama zina kumbukumbu ya kukimbia hivi karibuni. Mimi huiangalia kila Jumatatu kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Ukurasa ukigoma, usikisie. Nenda `data/logs`, fungua faili ya leo, soma mistari ya mwisho. Mara nyingi jibu limeandikwa pale kwa jina la faili na namba ya mstari.

Nani aone nini

Ruhusa zinapangwa kwa majukumu na timu. Kwa kila aina ya taarifa, yaani makampuni, watu, fursa za mauzo na kadhalika, unaamua kama mtumiaji ataona zote, za timu yake, zake mwenyewe, au asione kabisa. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mtu akiwa na majukumu mawili, ruhusa iliyo pana ndiyo inayoshika. Huwezi kumpunguzia mtu uwezo kwa kumwongezea jukumu lenye makatazo. Kwa hiyo anza na jukumu la msingi lililobana, halafu ongeza majukumu madogo yanayofungua kimoja kimoja.

Ruhusa ya kuhamisha taarifa nje ya mfumo iwe ya watu wawili watatu tu. Orodha nzima ya wateja inatoka kwenye faili moja, kwa mbofyo mmoja, na ikishatoka hakuna amri ya kuirudisha.

Mtu akiondoka kazini, usimfute. Izime akaunti yake, kisha wahamishie wenzake wateja na fursa zake kwa badiliko la pamoja. Ukimfuta, historia ya nani aliongea nini na mteja inapoteza mwenyewe, na mteja ataulizwa upya mambo aliyokwisha kuyaeleza.

Usiku wa kabla ya kukabidhi mfumo, ingia kwa akaunti ya mfano ya kila jukumu na ujaribu kuona usichopaswa kuona.

Kuhamisha wateja kutoka kwenye madaftari

Hapa ndipo imani hujengwa au huvunjika, kwa hiyo usiwe na haraka. Utaletewa majedwali ya kila sura: jina na cheo kwenye kisanduku kimoja, kampuni moja iliyoandikwa kwa namna nne, namba za simu zenye nafasi, vistari na mabano.

Nilipofanya uhamishaji wangu wa kwanza mkubwa, dada mmoja wa mauzo alinifuata mezani asubuhi ileile akiwa na simu mkononi.

“Kaka, hawa wateja wangu wote wana namba moja.”

“Moja vipi, dada?”

“Njoo uone.”

Kweli. Safu nzima ilikuwa imeandikwa 1.23E+11. Excel ilikuwa imezichukua namba ndefu za simu kuwa tarakimu za hesabu, ikazionyesha kwa kifupi, na faili ya CSV ikahifadhiwa kama zilivyoonekana. Namba halisi zilikuwa zimepotea ndani ya faili ile, hakuna wa kuzifufua humo. Kilichoniokoa ni kwamba EspoCRM hukumbuka kila uingizaji na ina kitufe cha kuubatilisha wote kwa pamoja. Nikabatilisha, nikaomba jedwali la awali, nikaigeuza safu ya simu kuwa maandishi kabla ya kuhifadhi, nikaanza upya. Yule dada alinisubiri hadi jioni, na namshukuru mpaka leo, kwa sababu angeweza kabisa kukata tamaa siku ile.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Kwanza safu za simu na namba za kumbukumbu zinageuzwa maandishi. Simu zote zinaandikwa kwa mtindo wa kimataifa, alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba, bila nafasi. Faili inahifadhiwa kama CSV ya UTF-8. Naingiza makampuni kwanza, watu wao baadaye, ili kila mtu apate kampuni ya kuning'inia. Na siku zote naingiza mistari 20 tu ya mwanzo, namwita mwenye orodha, tunakaa pamoja tunafungua rekodi moja moja. Yeye ndiye anayejua kwamba kampuni hii ilishabadili jina. Akisema sawa, ndipo nabatilisha zile 20 na kuingiza orodha nzima.

Kabla ya kupokea orodha ya mtu wa pili, amua ni kitu gani kinachomtambulisha mteja kuwa yuleyule. Barua pepe ni kitambulisho kizuri. Jina peke yake halitoshi. Uingizaji una chaguo la kuunda tu, kusasisha tu, au kufanya yote mawili. Kwa orodha ya pili na kuendelea mimi hutumia hilo la tatu, na barua pepe ndiyo ufunguo.

Barua pepe

Nitapita haraka. Tumia akaunti maalumu ya mfumo, itume kupitia poti 587 yenye usimbaji, ipokee kupitia IMAP, njia ya kuvuta barua kutoka kwenye sanduku, kwenye 993, na hakikisha kikoa chako kina rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, la sivyo barua zako zitaishia kwenye taka za wateja bila mtu kukwambia. Jitumie barua ya majaribio kwenye masanduku ya watoa huduma tofauti, ufungue vichwa vyake vya kiufundi usome matokeo ya ukaguzi. Ukianza kutuma barua za pamoja, anza na vikundi vidogo.

Jedwali la barua pepe ndilo hukua kuliko yote. Mfumo ukianza kuwa mzito baada ya miezi, angalia `innodb_buffer_pool_size` ya MariaDB. Kiwango chake cha kuanzia ni MB 128, kidogo sana kwa seva yenye GB 4.

Nakala rudufu, na kuzijaribu

EspoCRM iko sehemu mbili: kanzidata na faili. Viambatisho vyote viko `data/upload`, marekebisho yako yako `custom` na `client/custom`. Ukihifadhi kanzidata peke yake, utarudisha mfumo wenye majina ya mikataba bila mikataba yenyewe.

Sasa nieleze kosa lililonifundisha zaidi. Nilikuwa na amri inayopitisha matokeo ya `mysqldump`, inayonakili kanzidata, kwenye `gzip`, inayobana faili, kila usiku. Kila asubuhi palikuwa na faili mpya yenye tarehe sahihi. Nilizipanga, nilizihesabu, niliziona zimekamilika. Siku moja nilitaka rekodi moja tu ya juma lililopita, nikafungua faili, tupu. Nikafungua ya jana, tupu. Nikaandika `ls -l`, na zote zilikuwa na baiti 20. Nenosiri la kanzidata lilikuwa limebadilishwa siku tisa nyuma. `mysqldump` ilikuwa inakataliwa, na `gzip` ilikuwa inafunga hewa kwa uaminifu. Baiti 20 ndio uzito wa gzip isiyo na kitu ndani.

Hati yangu ya sasa iko hivi:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
umask 077
siku=$(date +%F)
cd /srv/nakala
mysqldump --single-transaction wateja | gzip > wateja-$siku.sql.gz
tar czf faili-$siku.tar.gz -C /var/www/espocrm data custom client/custom
test $(stat -c %s wateja-$siku.sql.gz) -gt 100000
```

`pipefail` inafanya kushindwa kwa `mysqldump` kuhesabike kuwa kushindwa kwa hati nzima. `--single-transaction` inachukua picha ya kanzidata ya wakati mmoja bila kuwazuia watu kufanya kazi. Mstari wa mwisho unakataa faili nyepesi mno. Kipimo hicho ukipandishe kulingana na kanzidata yako. Iite hati hii kutoka kwenye kroni kwa jina lake, usiandike amri zenyewe ndani ya kroni, maana humo alama ya asilimia ina maana nyingine na amri ya tarehe itakatika katikati. Ipange ikutumie barua ikishindwa, kisha nakala zisafirishwe kwenda mashine nyingine kabisa. Nakala iliyo kwenye diski ileile itakufa pamoja na diski.

Kupandisha toleo

Marekebisho yafanyie ndani ya ukurasa wa msimamizi, ambako yanahifadhiwa chini ya `custom`. Ukigusa faili za `application`, toleo jipya litazifuta siku ya kwanza.

Kabla ya kupandisha, rudisha nakala ya jana usiku kwenye seva ya majaribio. Hapa kuna hatari moja ambayo nakusihi uizingatie: nakala hiyo ina wateja halisi, vikumbusho halisi na akaunti halisi ya barua pepe. Ukiweka kroni humo, itaanza kuwatumia wateja barua mara ya pili. Kwenye seva ya majaribio mimi siweki kroni kabisa, na mipangilio ya kutuma barua naifuta moja kwa moja kwenye kanzidata kabla ya kufungua kivinjari. Kisha:

```
cd /var/www/espocrm
sudo -u www-data php command.php upgrade
```

Ikimaliza, ingia kama mtu wa mauzo. Fungua mteja mmoja wa zamani na mmoja wa jana. Hariri, hifadhi, tafuta kwa namba ya simu. Halafu fungua kiambatisho kimoja, ukipakue, ukisome mpaka mwisho. Kwa njia hiyo umejaribu toleo jipya na nakala rudufu kwa safari moja. Kila kitu kikiwa sawa, wape watu taarifa ya saa, washa hali ya matengenezo kwenye seva halisi, chukua nakala nyingine mpya, endesha amri ileile, zima hali ya matengenezo, na ukae karibu na simu saa ya kwanza.

Mimi huandika tarehe, toleo la zamani, toleo jipya na jina la kiambatisho nilichokifungua kwenye daftari la karatasi lililoko kwenye droo ya meza yangu, kwa sababu siku ambayo seva haitawaka, maelezo yaliyohifadhiwa ndani yake hayatasomeka.